Hema Huondoka, Ukuta Hubaki: Historia ya Nafasi za Wazi za Bukavu

BUKAVU – Mji wa Bukavu umekaa juu ya rasi tano zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu, na tangu zamani wakaaji wake wanaufananisha na mkono uliochovya vidole majini. Ni mji wa vilima na wa mvua nyingi, na udongo wake hauchoki kuotesha. Hata hivyo, mzazi wa Kadutu anayetaka watoto wake wakimbie kidogo kwenye majani siku ya Mungu anajiuliza awapeleke wapi. Ziwa liko karibu, lakini sehemu nyingi kuta za nyumba zimeshuka mpaka majini. Viwanja vya shule vimebanwa. Barabara ni ya magari na motari, na kandokando yake mama wauzaji wamepanga nyanya, makala na sambaza.

Kwa hiyo haishangazi kwamba maneno ya kutengeneza bustani na viwanja vya mji yanarudi kila mara, kwenye mikutano ya komini na kwenye redio. Mara nyingi maneno hayo yanaanza na maua, viti na taa. Historia ya mji inaonyesha kwamba pa kuanzia ni pengine. Nafasi za wazi za Bukavu, sawa na zile za Goma upande wa kaskazini wa ziwa, zilichorwa kwa ajili ya wachache, zikaachiwa wote bila mlinzi, kisha zikamegwa kipande kwa kipande. Na katika kumegwa huko, lawama imeangukia mara nyingi watu wasiostahili kuibeba peke yao: waliokimbia vita.

Malisho kabla ya bustani

Wazee wa Bushi wanaeleza jina la Bukavu kwa neno la Mashi, Bunkafu, mahali pa ng'ombe. Kama ni hivyo, basi nafasi ya wazi ya kwanza ya mji huu haikuwa bustani ya maua. Ilikuwa malisho. Ng'ombe walikula majani kwenye vilima ambavyo leo vimejaa mabati, na matumizi ya ardhi ile yalikuwa na wenyewe, yaani wafalme wa Bushi na watu wao, waliojua nani alishe wapi na kwa masharti gani. Ardhi ilikuwa wazi, lakini haikuwa bila mwangalizi.

Wabelgiji walifungua kituo chao hapa mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye ncha ya kusini ya ziwa, mahali ambapo mto Ruzizi unatoka kwenda Tanganyika. Mwaka 1927 kituo hicho kikapewa jina la Costermansville, kumkumbuka Paul Costermans, mmoja wa wakubwa wa serikali ya wakati wa mfalme Leopold wa Pili. Jina la Bukavu lilirudi rasmi miaka ya 1950. Katika kipindi hicho mji ulichorwa kama mji wa mapumziko: baridi nzuri ya mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari, barabara zinazofuata migongo ya rasi, nyumba zenye nafasi kubwa kati yake, miti kando ya barabara.

Uzuri huo ulikuwa na mpaka. Rasi na sehemu za Ibanda zilikuwa za Wazungu. Kadutu na Bagira zilikuwa makao ya Waafrika, wale waliofanya kazi kwenye nyumba, ofisi na viwanda vya mji. Bukavu haikuwa peke yake. Katika Élisabethville, Lubumbashi ya leo, serikali ya kikoloni ilitenga ukanda mpana wa ardhi tupu kati ya mji wa Wazungu na makao ya Waafrika, ikitoa sababu ya malaria: eti mbu wasiweze kuruka kutoka upande mmoja hadi mwingine. Katika Léopoldville, sehemu ya ukanda kama huo ilipewa uwanja wa gofu, bustani ya wanyama na bustani ya mimea. Kwa maneno mengine, majani mabichi ya mji yalifanya kazi ya ukuta. Mfanyakazi Mwafrika aliyapita asubuhi kwenda kazini, akayapita jioni kurudi, na usiku hakuwa na ruhusa ya kuonekana upande wa pili bila karatasi.

Baada ya vita kuu ya pili mambo yalianza kubadilika polepole. Mpango wa miaka kumi wa 1949 hadi 1959 ulileta fedha za nyumba, na mwaka 1952 likaundwa shirika la nyumba za Waafrika, lililojulikana kwa herufi OCA, ambalo lilijenga mitaa iliyopangwa katika miji mikubwa ya Kongo. Nyumba za OCA zilipangwa pamoja na shule, njia za maji na nafasi za kuchezea. Mwaka 1957 ikatoka amri ya tarehe 20 Juni juu ya mipango ya miji, iliyosema kwamba mji unapaswa kuwa na ramani, na ramani hiyo inapaswa kuonyesha mahali pa nyumba, pa barabara na pa matumizi ya wote. Amri hiyo ilibaki msingi wa mipango ya miji ya Kongo kwa miaka mingi baada ya uhuru.

Ila amri ilichelewa. Miaka mitatu baadaye uhuru ulifika, na watu walirithi ramani ambayo hawakuichora. Mtu wa Kadutu alirithi bustani za Ibanda bila kuwahi kukaa ndani yake. Ni vigumu kulinda kitu ambacho jana kilikuwa kinakuzuia. Hapo ndipo penye sababu moja ya upole wa watu wakati viwanja vilipoanza kuliwa: wengi hawakuwa na kumbukumbu kwamba viwanja hivyo ni vyao.

Majina ya viwanja

Baada ya tarehe 30 Juni 1960, viwanja vya Bukavu vilianza kupata maana mpya. Place de l'Indépendance, ambayo watu wengi wanaiita Place tu, inabeba jina la uhuru wenyewe. Place Mulamba inamkumbuka Léonard Mulamba, mwanajeshi aliyeongoza ulinzi wa Bukavu mwaka 1964 wakati wa uasi wa Simba, na ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Mwaka 1967 mamluki wa Jean Schramme waliushika mji kuanzia Agosti mpaka Novemba, na vita vya kuwaondoa viliacha nyumba nyingi na matundu ya risasi.

Mji ambao umepita katika mambo hayo unahitaji mahali pa kukumbukia. Ndiyo sababu viwanja vyake havikuwa mapambo tu. Vilikuwa mahali pa gwaride, pa ibada, pa maandamano, pa kungoja habari. Kwenye Stade de la Concorde kule Kadutu, watu walikuja kwa ajili ya mpira, na walikuja pia kwa mikutano mikubwa. Nafasi ya wazi ilikuwa ndicho chumba kikubwa cha nyumba ambazo ndani yake hamna nafasi.

Wakati wa Mobutu, usafi wa nafasi hizo ulifanyika kwa salongo. Wale waliokuwa watu wazima miaka ya 1970 wanaikumbuka: siku ya kazi ya pamoja, jembe na fagio mkononi, na mwakilishi wa chama akipita kuangalia nani hayupo. Mifereji ilizibuliwa na majani yalikatwa. Lakini salongo ilikuwa kazi ya lazima, na nguvu yake ilikuwa hofu. Serikali ilipodhoofika, hofu ikaondoka na fagio likaanguka. Hakuna aliyekuwa amelipwa kuwa mtunzaji, na hakuna kamati ya mtaa iliyokuwa imepewa ufunguo.

Sheria nzuri, karatasi mbaya

Mwaka 1973, tarehe 20 Julai, Zaire ilipata sheria yake kubwa ya ardhi. Sheria hiyo inasema kwamba ardhi ni mali ya Leta, na inaigawa katika sehemu mbili. Sehemu ya kwanza ni ardhi iliyowekwa kwa matumizi au huduma ya wote. Sehemu ya pili ni ardhi nyingine zote, ambazo Leta inaweza kumpa mtu haki ya kuzitumia kwa masharti. Juu ya ile sehemu ya kwanza sheria iko wazi: haiuzwi wala hainunuliwi, mpaka kwanza iondolewe katika matumizi ya wote kwa utaratibu unaokubalika.

Maneno hayo ni mafupi, lakini ndiyo ngao kubwa kuliko zote ambayo bustani ya mji inayo katika Kongo. Mtu anayejenga katikati ya kiwanja cha wote anapaswa kuulizwa swali moja: ni kitendo gani, cha tarehe gani, kilichokiondoa kiwanja hicho katika matumizi ya wote? Kama hakuna kitendo hicho, cheti alichonacho kina ugonjwa tangu kuzaliwa, hata kama kina mihuri mitatu.

Matatizo yalikuja pale ofisi zilipobaki na mihuri bila mishahara. Kuanzia mwaka 1991, mwaka wa uporaji mkubwa wa wanajeshi, uchumi wa Zaire ulianguka. Pesa zilipoteza thamani kila wiki. Mfanyakazi wa serikali alikaa miezi bila kulipwa, na mara nyingi kitu pekee alichokuwa nacho cha kuuza kilikuwa sahihi yake. Njia ya kiwanja kupotea inajulikana na kila mkaaji wa miji ya Kivu. Kiwanja kinaanza kama nafasi ya kijani kwenye ramani. Siku moja kinapewa namba ya parseli. Namba inazaa mkataba, mkataba unazaa cheti, na cheti kinazaa lori la mawe. Ukuta unapofika kiunoni, majirani wanaulizana. Ukuta unapofika kichwani, wanazoea.

Viwanja havikuliwa kwa siku moja wala na mtu mmoja. Kona ya uwanja ilichukuliwa na duka, kando ya mfereji pakachukuliwa na gereji, njia ya kwenda ziwani ikafungwa kwa geti. Kila kipande kilikuwa kidogo. Jumla yake ni mji usio na pa kupumulia.

Mwaka 1994 na lawama yake

Julai 1994 watu wa Kivu waliona kitu ambacho hawakuwahi kukiona. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu karibu laki nane au zaidi walivuka kuingia Goma kwa siku chache tu, na laki kadhaa wengine wakaingia upande wa Bukavu na Uvira. Huko Goma kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Katika Bukavu watu walilala barabarani, kwenye viwanja vya shule, mbele ya makanisa, popote palipokuwa wazi, mpaka walipopelekwa kwenye kambi nje ya mji, kama zile za Kashusha na Inera kwenye njia ya Kavumu.

Nafasi za wazi ziliumia. Majani yalikanyagwa mpaka udongo ukabaki uchi, na miti ikakatwa kwa ajili ya moto wa kupikia. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa kaskazini, kuzunguka Goma, ambako watu wa kambi waliingia ndani ya Hifadhi ya Virunga kutafuta kuni, na sehemu kubwa ya msitu ikafyekwa katika miaka miwili. Hilo ni kweli na halifichiki. Lakini sababu yake nayo inajulikana: watu waliwekwa mamia ya maelfu mahali pamoja, wakapewa unga na maharagwe yanayohitaji kuchemka saa nyingi, na kuni hazikutosha. Pale ambapo chakula kinatolewa bila moto, mti wa karibu ndio unaolipa.

Mwezi wa Oktoba na Novemba 1996 vita vilibomoa kambi zile. Watu wengi walirudi Rwanda, wengine wakakimbilia misituni na wengi wakafa njiani. Tarehe 29 Oktoba mwaka huo, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Nyawera, katikati ya Bukavu. Kambi zikabaki tupu. Na hapo kuna jambo linalostahili kuangaliwa vizuri: palipokuwa na hema, majani yaliota tena. Misimu michache ya mvua ilitosha. Lakini mahali ambapo kiwanja kilikuwa kimepewa cheti na kuzungushiwa ukuta, hakuna mvua iliyokirudisha.

Baada ya hapo vita havikukoma. Kuanzia 1996, na zaidi tangu 1998, watu wa vijiji vya Kivu Kusini walikimbilia Bukavu kwa ajili ya usalama: watu wa Bunyakiri, wa Walungu, wa Shabunda, wa Mwenga. Hawa hawakukaa kambini. Walipokelewa na ndugu, wakalala kumi katika chumba kimoja, na baadaye wakajenga nyumba za mbao pale walipoweza. Walipata nini? Walipata kingo za makorongo, miteremko mikali na kandokando ya mifereji. Sehemu hizo nazo zilikuwa nafasi za wazi kwenye ramani ya zamani, tena zilikuwa wazi kwa sababu: ardhi yake haikufaa nyumba. Lakini nafasi tambarare, zile nzuri, zile zinazoangalia ziwa, hazikujengwa na mtu aliyefika mjini na bidoni moja na godoro kichwani.

Goma: mji uliojifunza kwa moto

Ndugu wa Bukavu, mji wa Goma, umefundishwa jambo lile lile na mlima. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka. Moto uliteremka katikati ya mji, ukakata uwanja wa ndege, ukafunika mitaa ya biashara na kuingia ziwani. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila nyumba. Watu laki kadhaa waliondoka kwa miguu, wengi wao kuelekea Gisenyi na wengine kuelekea Sake.

Waliporudi, walikuta mawe meusi yakiwa bado na joto. Wengi walijenga palepale, juu ya mawe yale, kwa mawe yale. Ujasiri huo unasifiwa na unastahili. Lakini mipaka ya zamani ilikuwa imezikwa pamoja na mawe yake, na mahali ambapo hapana mpaka unaoonekana, mwenye nguvu ndiye anayeuchora. Mji uliopoteza sehemu kubwa ya katikati yake ulihitaji, kuliko wakati wowote, kuamua mapema ni wapi patabaki wazi.

Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulipasuka tena. Siku tano baadaye serikali iliamuru sehemu kubwa ya mji ihame, na watu laki kadhaa wakaondoka kwa siku moja, kwa gari, kwa mashua na kwa miguu. Sake, Minova na Bukavu ziliwapokea. Watu walilala makanisani, shuleni na kwenye uwanja wowote uliokuwa na nafasi. Yule aliyelala kwenye uwanja hakuuliza kama una maua. Aliuliza maji yako wapi, choo kiko wapi, na kama watoto watanyeshewa.

Kuanzia mwisho wa mwaka 2022, vita vilileta tena laki nyingi za watu kuzunguka Goma: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Hema zilisimama juu ya mawe ya mlima, mahali ambapo hata kuchimba choo ni kazi ya nyundo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi hizo zilibomolewa na watu wakaambiwa waondoke. Kwa mara nyingine hema zimekwenda. Familia nyingi zilirudi kwenye vijiji vilivyoharibika, nyingine zikajibanza mjini kwa ndugu. Hakuna kiwanja cha mji kilichobaki mkononi mwao.

Ardhi inayotembea

Bukavu haina mlima wa moto juu ya kichwa chake, lakini ina hatari zake. Siku ya Mungu tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ardhi lilitikisa mji na sehemu za jirani za Rwanda. Kuta zilipasuka, watu wakafa pande zote mbili za mpaka, na kwa siku kadhaa wengi waliogopa kulala chini ya dari. Walitafuta mahali pa wazi. Wenye ua walilala uani. Wasio na ua walilala barabarani.

Kuna pia ardhi inayotembea polepole. Mteremko wa Funu, kule Kadutu, ni mporomoko mkubwa wa ardhi unaojulikana na wataalamu: udongo unashuka kidogo kidogo, mabomba ya maji yanakatika, ngazi zinapinda, na nyumba inayojengwa leo imenyooka kesho inaegemea. Mvua kubwa inapokuja, makorongo yanapanuka na kuchukua nyumba za mbao pamoja na waliomo. Na wakati wa kiangazi, moto ukiwaka katika mtaa wa mbao, unaruka kutoka nyumba hadi nyumba kwa sababu hakuna nafasi ya kuukata, wala njia ya gari la maji kupita.

Hapo ndipo bustani inaacha kuwa anasa. Kipande cha ardhi chenye miti ya mizizi mirefu kwenye ukingo wa korongo kinashika udongo. Uwanja ulioachwa kati ya mitaa miwili unazuia moto. Ukingo wa mto Kawa ukibaki wazi, maji yana pa kupita bila kuingia chumbani mwa mtu. Waliochora mji zamani, pamoja na ubaguzi wao, walijua kwamba mteremko fulani haujengwi. Ujuzi huo ndio unaostahili kuchukuliwa, na ubaguzi uachwe.

Historia inaomba nini kabla ya maua

Mji unaotaka kutengeneza viwanja vyake una mambo ya kujifunza katika safari hii ndefu, na la kwanza ni mpaka. Ramani za zamani zipo katika ofisi za kadasta na za mipango ya mji. Zikitolewa, zikabandikwa mahali ambapo kila mtu anaziona na kusomwa kwa sauti katika mikutano ya mitaa, mkaaji atajua kwamba nyuma ya soko palikuwa na uwanja na kwamba njia ya ziwani ilikuwa ya wote. Mawe ya mpaka yakiwekwa mbele ya watu, ukuta hauwezi kuota usiku mmoja. Gharama yake ni ndogo kuliko ya taa na viti, na taa na viti bila mpaka vitaibwa pamoja na kiwanja.

La pili ni gumu zaidi. Juu ya viwanja vingi tayari kuna nyumba, na ndani ya nyumba kuna watu. Wako waliopora wakijua. Wako pia waliouziwa kwa uongo, waliolipa akiba yao yote kwa karatasi yenye muhuri halali, na miongoni mwao wako waliofika mjini kwa sababu ya vita. Tingatinga haliwezi kuwatofautisha. Mji unaovunja nyumba za wanyonge kwanza na kuacha majumba ya ghorofa kando ya ziwa unarudia mpaka ule ule wa zamani, wa Ibanda na Kadutu, kwa mashine mpya. Haki inaanza kwa kuuliza nani aliyeweka sahihi, na nani aliyenufaika, kabla ya kuuliza nani anayelala ndani. Na asiye na pengine pa kwenda aonyeshwe mahali kabla ya siku ya kuvunjwa, kwa maandishi.

La tatu ni mtunzaji. Salongo ilionyesha kwamba nguvu ya watu wengi inaweza kusafisha mji mzima kwa asubuhi moja, na ikaonyesha pia kwamba kazi ya hofu haidumu. Kiwanja kinahitaji mtu mwenye mshahara, hata mdogo, na kamati ya mtaa yenye ufunguo. Katika kamati hiyo mama wauzaji wanastahili kiti, kwa sababu wao wako hapo tangu asubuhi hadi giza na wanajua maji yanatuama wapi. Wakifukuzwa na fimbo, watarudi. Wakipewa mahali pao pembeni, na maji, na jaa la takataka, watakuwa walinzi wasiolipwa. Hata fedha za nje hazitoshi bila hayo. Bustani ya mimea ya Kinshasa, ile ya wakati wa ukoloni, ilichakaa miaka mingi, ikatengenezwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya na kufunguliwa tena mwaka 2010. Kazi ya kufungua ilifanyika mara moja. Kazi ya kutunza inafanyika kila siku.

La nne ni lile ambalo ramani za kawaida hazina. Katika Kivu, kiwanja cha wote kitapokea watu waliokimbia. Kimefanya hivyo mwaka 1994, 2002, 2008 na 2021, na hakuna anayeweza kuahidi kwamba ilikuwa mara ya mwisho. Mpango wa kweli unaandika jambo hilo badala ya kulifumbia macho: bomba la maji linalotosha watu wengi, vyoo vinavyoweza kuongezwa, mfereji unaotoa maji ya mvua, geti pana, na makubaliano yaliyofanywa mapema juu ya nani anafungua na familia zinahamishiwa wapi baadaye. Bomba hilo hilo litanywesha watoto wanaocheza siku ya amani. Choo hicho hicho kitatumiwa na mama muuzaji. Mji hautapoteza chochote kwa kuwa tayari.

Nyawera

Kule Nyawera, mahali alipouawa Munzihirwa, watu wanapita kila siku wakienda sokoni, shuleni na kazini. Wazazi wanawaonyesha watoto: ilikuwa hapa. Wanaweza kusema hivyo kwa sababu pale bado ni mahali pa kupita. Vivyo hivyo Place de l'Indépendance, ambako tarehe 27 Februari 2025 milipuko iliua watu zaidi ya kumi katika mkutano, bado ni mahali ambapo wafiwa wanaweza kusimama. Kama siku moja kona hiyo itapewa namba ya parseli na kuzungushiwa ukuta, mtoto ataonyeshwa mlango wa duka.

Familia iliyolala uwanjani mwaka ule wa tetemeko, au ule wa volkano, iliondoka asubuhi fulani ikiwa imekunja godoro lake. Iliacha majivu, mawe matatu ya jiko na majani yaliyolala. Majani yalisimama tena. Wakati mji unapotafuta aliyekula viwanja vyake, ungetazama kwanza vitu ambavyo havikuondoka.